Kukusanya unasibu kwenye Linux kutoka kwenye kibodi, mausi na vifaa vya ndani: mwongozo wa anayeanza

Natengeneza kompyuta hapa Ngamiani, Tanga, na nyingi ninazopokea ni zile zilizokwisha kutumika, zinazoingia kwa mafungu. Nikimwekea mtu Linux, haipiti wiki atarudi na swali, na swali ni lile lile. "Kaka, nimesoma kwamba mashine ikikosa unasibu funguo zake zinavunjika. Nimeangalia kwangu naona 256. Mbona haipandi?" (Unasibu ni kule kutokisika kwa namba ambazo kompyuta hutengenezea funguo zake za siri.) Mwingine anauliza kama kutikisa mausi wakati wa kutengeneza ufunguo kunasaidia kweli au ni imani tu. Wa tatu ameshasakinisha haveged, programu ya kuongeza unasibu, kwa kufuata maelezo ya zamani, sasa anataka kujua kama inamsaidia chochote.

Nimewajibu kwa mdomo mara nyingi. Leo naandika, ili ukae mbele ya mashine yako na kuyaona mambo kwa macho yako. Tenga saa moja na nusu. Kama muda ni mfupi, soma hatua ya 7 kwanza, kwa sababu huko ndiko nilikoona watu wakiumia.

Nadharia kidogo tu

Kompyuta haibahatishi. Ukiipa hesabu ile ile itakupa jibu lile lile leo na keshokutwa. Kwa hiyo namba ya nasibu lazima itokane na jambo lisilokisika: muda kati ya kubonyeza herufi moja na nyingine, wakati pakiti ya mtandao ilipoingia kwenye kadi, kelele ya umeme ndani ya chipu. Kerneli, yaani kiini cha Linux, hupima nyakati hizo, huzikoroga pamoja kwa hashi (hesabu inayosaga data yoyote kuwa mfuatano mfupi wa urefu maalumu) iitwayo BLAKE2s, na humo inapatikana mbegu ya biti 256. Mbegu inalishwa kwa kanuni ya usimbaji iitwayo ChaCha20, na hiyo ndiyo inayokutolea baiti unazoomba.

Watu wengi wanalichukulia hili kama simtank la juu ya nyumba: ukichota, maji yanapungua. Picha hiyo ndiyo inayowasumbua. Mbegu ikishakuwa ya siri kweli, asiyeijua hawezi kukisia kinachotoka hata ukichota mwaka mzima. Na kerneli za sasa huibadilisha mbegu yenyewe kila baada ya dakika moja hivi.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Mashine yenye Linux (mifano yangu ni ya Debian 12, Ubuntu haitofautiani sana), haki ya kutumia sudo (amri za msimamizi), kibodi na mausi, na maikrofoni ukitaka kufanya hatua ya 6. Raspberry Pi inafaa pia. Intaneti utaihitaji mara moja tu, kupakua vifurushi hivi:

```
sudo apt install evtest ent rng-tools5 alsa-utils
```

Usifanye majaribio haya kwenye seva ya kazi ya mtu. Hakuna hatua itakayoharibu kitu isipokuwa hatua ya 7, na hiyo inafuta funguo.

Hatua ya 1: Jua umri wa kerneli yako

```
uname -r
```

Angalia namba mbili za mwanzo. Nusu ya ushauri unaozunguka mtandaoni uliandikwa kwa kerneli za zamani, na ulikuwa sahihi wakati huo.

Chini ya 5.4, mashine isiyo na kibodi wala diski ya kuzunguka ingeweza kukaa kimya muda mrefu ikisubiri unasibu inapowaka. Kuanzia 5.4, ya mwaka 2019, kerneli ikiombwa unasibu mapema na haina, inajitafutia kwa kupima jinsi mwendo wake yenyewe unavyoyumbayumba. Kuanzia 5.6, ya mwaka 2020, /dev/random, faili la kuchotea namba za nasibu, haikwami tena baada ya mbegu kupatikana. Na kuanzia 5.18, ya mwaka 2022, ile hesabu ya tangi iliyokuwa ikipanda na kushuka imetulia kwenye 256. Mabadiliko hayo ya 2022 yalirudishwa pia kwenye matoleo ya baadaye ya 5.10 na 5.15, kwa hiyo usishangae kuyakuta huko.

Hatua ya 2: Soma namba inayowatisha watu

```
cat /proc/sys/kernel/random/entropy_avail
cat /proc/sys/kernel/random/poolsize
```

Kwenye kerneli mpya zote mbili zitakuonyesha 256. Hiyo 256 maana yake tangi limejaa. Haipandi kwa sababu hakuna pa kupandia. Kwenye kerneli za zamani tangi lilikuwa la biti 4096, ndiyo maana maelezo ya zamani yanakuambia uhangaike ukiona namba iliyo chini ya 1000.

*Kosa la kawaida:* kuandika skripti inayosoma namba hii kila dakika na kutuma onyo ikiwa chini ya 1000. Kwenye kerneli ya leo skripti hiyo itapiga kelele usiku na mchana bila sababu. Kama umeikuta kwenye seva uliyorithi kwa mwenzako, iondoe.

Hatua ya 3: Uliza mbegu ilipatikana lini

Hili ndilo swali lenye maana, na linajibiwa hivi:

```
sudo journalctl -k -b | grep 'random:'
```

Tafuta mstari unaosema `crng init done`, yaani kizalishi cha kerneli kimeshapata mbegu. Ukitumia `sudo dmesg` badala yake, utaona pia ni sekunde ya ngapi tangu mashine kuwaka. Kwenye mashine nyingi za leo ni ndani ya sekunde ya kwanza. Kwenye ruta ndogo au bodi ya zamani inaweza kuwa sekunde kadhaa, na chochote kilichotengeneza ufunguo kabla ya mstari huo ndicho cha kutiliwa shaka. Mwaka 2012 watafiti waliopekua funguo za vifaa vilivyo wazi kwenye intaneti walikuta vifaa vingi, hasa ruta na vifaa vidogo vya mtandao, vinatumia funguo zinazofanana au zinazochangia sehemu ya siri. Vilitengeneza funguo mapema mno, kabla havijakusanya chochote.

Hatua ya 4: Tazama kibodi ikichangia

Kila unapobonyeza herufi, kibodi huisimamisha prosesa kidogo ishughulikie jambo lake. Huo unaitwa mkatizo. Kerneli huhesabu mikatizo yote, na wakati kila mmoja ulipotokea unaingia kwenye mkorogo. Fungua terminali:

```
watch -n 1 "grep -E 'i8042|xhci' /proc/interrupts"
```

Kibodi ya laptopu kwa kawaida iko kwenye mstari wa `i8042`. Kibodi na mausi za USB ziko kwenye `xhci_hcd`. Bonyeza herufi moja, uiachie. Namba inaongezeka kwa kubonyeza, na inaongezeka tena kwa kuachia. Sogeza mausi ya USB kidogo uone inavyokimbia kwa mamia.

Sasa ingia ndani zaidi:

```
sudo evtest
```

Itakuorodheshea vifaa vyote vya kuingizia. Chagua namba ya kibodi yako, bonyeza herufi a, na utaona mstari wa namna hii:

```
Event: time 1718004312.402817, type 1 (EV_KEY), code 30 (KEY_A), value 1
```

`value 1` ni kubonyeza, `0` ni kuachia, `2` ni herufi inayojirudia ukiishikilia. Kinachotuhusu ni muda, hasa tarakimu za mwisho, ambazo ni sehemu za milioni za sekunde.

Jaribio hili nawafanyisha vijana wote wanaokuja karakana. Tuna saa ya ukutani inayogonga kila sekunde. Namwambia mtu: bonyeza a mara kumi, ukifuata mlio wa saa, kwa usawa wote unaouweza. Kisha tunaandika tofauti za muda kwenye karatasi. Sekunde zinalingana, na mara nyingi hata tarakimu ya kwanza baada ya nukta inalingana. Ya pili inaanza kuyumba, na kuanzia ya tatu hakuna aliyewahi kuifuata. Hapo kila mmoja anaelewa unasibu unatoka wapi: ni mkono wake mwenyewe, mahali ambapo hawezi kuuamrisha.

Ila usizihesabie tarakimu zote sita. Kifaa cha USB hakisemi kinapotaka. Kompyuta ndiyo inayokiuliza kila baada ya muda maalumu, na mausi za kawaida zinaulizwa mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Kwa hiyo nyakati zake zinapangika kwenye ngazi, na sehemu ya kile kinachoonekana kama nasibu si nasibu. Kerneli inalijua hilo na inakadiria kwa ubahili. Inachukua tofauti ya muda, kisha tofauti ya tofauti, kisha tofauti ya hizo, inachagua iliyo ndogo kuliko zote, na haitoi zaidi ya biti 11 kwa tukio moja hata liwe la ajabu kiasi gani.

*Kosa la kawaida:* kushikilia kitufe kimoja chini ukidhani unajaza tangi. Herufi inayojirudia yenyewe kerneli haiihesabu kabisa. Ukiambiwa na gpg (programu ya kufunga mafaili kwa siri) uchapechape au usogeze mausi, chapa maneno ya kweli kwa mwendo wako wa kawaida.

Kwa hiyo, je, kutikisa mausi kunasaidia? Ndiyo, kama mashine ndiyo kwanza imewaka, hasa ya zamani. Kama imewaka tangu asubuhi na mbegu ilikwisha kupatikana, unaongeza kidogo juu ya kitu kilichokwisha kutosha. Si kosa, lakini usikae nusu saa ukizungusha mkono.

Ukitaka kukusanya mibofyo yako mwenyewe kwenye faili (badilisha event3 iwe namba ya kibodi yako):

```
sudo timeout -s INT 60 evtest /dev/input/event3 > mibofyo.txt
```

Chapa kwa dakika nzima, kisha:

```
sha512sum mibofyo.txt
cat mibofyo.txt > /dev/urandom
```

Amri ya mwisho inamwaga faili hilo kwenye mkorogo wa kerneli. Kerneli inalikoroga lakini hailihesabii biti hata moja, kwa sababu haina njia ya kujua kama ulichomwaga ni kizuri. Hata ukimwaga sifuri tupu hutaharibu kitu. Kilichokuwa siri kinabaki siri.

Onyo, na hili ni zito: faili la mibofyo.txt lina kila ulichochapa, herufi kwa herufi. Ukiandika nywila yako ndani ya dakika hiyo, umeiandika kwenye faili. Ndiyo maana /dev/input inahitaji sudo, na ndiyo maana faili hili unalifuta ukimaliza:

```
shred -u mibofyo.txt
```

Hatua ya 5: Tafuta chipu inayozalisha unasibu

Anza na prosesa:

```
grep -m1 -o -w -E 'rdrand|rdseed' /proc/cpuinfo
```

Ukiona `rdrand`, prosesa yako ina kizalishi ndani yake. Intel walianza kukiweka kwenye prosesa za Ivy Bridge za mwaka 2012, na `rdseed` ikafuata baadaye. Laptopu nyingi ninazopokea zina angalau cha kwanza. Kisha angalia vifaa vingine:

```
cat /sys/class/misc/hw_random/rng_available
cat /sys/class/misc/hw_random/rng_current
```

Unaweza kukuta `tpm-rng-0`, ambayo ni ile chipu ya usalama iliyoko kwenye laptopu nyingi za maofisini. Kwenye Raspberry Pi utakuta jina la kizalishi kilicho ndani ya chipu yake. Ukikuta patupu, usihuzunike. Kama `rdrand` ipo, inatosha. Na kama haipo, bado una mikatizo.

Kipime hivi:

```
sudo cat /dev/hwrng | rngtest -c 1000
```

Inachukua mafungu 1000 ya biti 20,000 kila moja. Fungu moja kushindwa, hata mawili, ni kawaida. Unasibu wa kweli mara mojamoja huonekana kama si nasibu. Yakishindwa mia, kuna tatizo. TPM ni ya polepole sana, kwa hiyo tumia `-c 10` la sivyo utadhani imekwama.

*Kosa la kawaida:* kuitegemea chipu moja tu kwa sababu ni "ya vifaa". Mwaka 2019 prosesa za AMD za Ryzen 3000 zilitoka zikiwa na hitilafu kwenye programu ya bodi (BIOS): `rdrand` ilikuwa inarudisha namba ile ile, biti zote zikiwa moja, huku ikisema kila kitu kiko sawa. Programu za bodi zilizosasishwa ziliirekebisha. Linux hukoroga chipu pamoja na mikatizo na vyanzo vingine kwa ajili ya siku kama hizo. Mwache akoroge. Usiandike programu inayochukua moja kwa moja kutoka /dev/hwrng na kutengeneza ufunguo.

Diski nazo zilikuwa chanzo kizuri zamani, kwa sababu sahani inayozunguka inasukumwa na hewa na muda wake haulingani. `cat /sys/block/sda/queue/add_random` ikikupa 1, diski inachangia; SSD na NVMe kwa kawaida hukupa 0. Hakuna cha kubadilisha hapo.

Hatua ya 6: Kelele za maikrofoni, ukitaka

Hatua hii si ya lazima. Naipenda kwa sababu inafundisha tofauti kati ya data inayoonekana ya fujo na unasibu wenyewe.

```
arecord -d 10 -f S16_LE -r 44100 -c 1 sauti.wav
od -A d -t d2 -j 44 -N 64 sauti.wav
ent sauti.wav
```

Utapata faili la baiti 882,000 na ushee. Amri ya pili inakuonyesha sampuli za mwanzo. Zikiwa sifuri tupu, maikrofoni imezimwa au inajinyamazisha yenyewe palipo kimya, na huna kitu. Zikicheza kati ya namba ndogo, mfano −7 hadi 9, hiyo ni kelele ya umeme wa kadi ya sauti, na ndiyo unayoitaka. Usipige kelele wala kufungulia muziki. Muziki unaweza kukisiwa na kurudiwa, kelele ya umeme haiwezi.

`ent` itakupa makadirio ya biti kwa kila baiti, na kwa sauti ghafi yatakuwa chini ya 8, pengine chini sana. Sasa pitisha faili hilo kwenye hashi na umwage:

```
sha512sum sauti.wav
cat sauti.wav > /dev/urandom
rm sauti.wav
```

Shika jambo hili: hashi haizalishi unasibu, inaukamua tu. Ni kama kukamua tui. Ukitia nazi ndani, tui linatoka. Ukitia makapi matupu, maji meupe yatakayotoka yanaweza kukudanganya macho lakini hayaungi mchuzi. Faili la sifuri likipita kwenye sha512sum litatoa mstari unaoonekana wa nasibu kabisa, na `ent` ikipewa mistari mingi ya namna hiyo iliyogeuzwa kuwa baiti ghafi itaisifia. Vipimo hivi vinaweza kukuambia kitu ni kibovu. Kwamba ni kizuri, haviwezi.

Hatua ya 7: Mbegu inayohifadhiwa, na diski zilizonakiliwa

Hapa naomba utulivu wako.

Linux inapozimwa huhifadhi mbegu kidogo kwenye faili, na inapowaka huisoma na kuikoroga ndani. Angalia kwako:

```
systemctl status systemd-random-seed
sudo ls -l /var/lib/systemd/random-seed
```

Mpango mzuri, ila una adui mmoja: kunakili diski nzima.

Miaka kadhaa nyuma nilipewa kazi ya kuandaa mashine kumi za kituo kimoja cha mafunzo nje ya mji. Niliandaa moja vizuri sana, nikaiwasha, nikaipima, nikairidhia, kisha nikanakili diski yake kwenda kwenye tisa zilizobaki. Siku ya kukabidhi nilikuwa naandika alama za funguo za SSH (njia ya kuingia kwenye mashine kupitia mtandao) za kila mashine kwenye daftari la kituo. Ya kwanza nikaandika. Ya pili, nikaona herufi za mwisho nazifahamu. Nikarudi juu ya ukurasa, nikaweka kidole chini ya mstari. Zilikuwa zile zile. Nikaenda ya tatu, ya saba, ya kumi. Mashine kumi, ufunguo mmoja. Mtu mwenye moja kati ya hizo angeweza kujifanya yoyote nyingine, na mbegu iliyohifadhiwa nayo ilikuwa moja kwa zote. Nilikaa pale mpaka magharibi nikirekebisha moja baada ya nyingine, na wenye kituo niliwaeleza kilichotokea, kwa sababu ilikuwa haki yao kujua.

Kama umenakili diski, fanya hivi kwenye kila nakala, kwa kutumia kibodi ya mashine yenyewe na si kwa SSH:

```
sudo rm /etc/ssh/ssh_host_*
sudo rm /var/lib/systemd/random-seed
sudo truncate -s 0 /etc/machine-id
sudo reboot
```

Ikiwaka tena, subiri mstari wa hatua ya 3 uonekane, kisha:

```
sudo ssh-keygen -A
sudo systemctl restart ssh
ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub
```

Linganisha alama kati ya mashine na mashine. Lazima zitofautiane. Vizuri zaidi, futa hivyo vitu vitatu kwenye diski mama kabla hujainakili, ukiwa umewasha mashine kwa flashi (ikijizima yenyewe itaandika mbegu upya), kisha usiiwashe tena mpaka umalize kunakili. Ukiiwasha hata mara moja, umeanza upya.

Flashi ya Linux ya kuwashia ina tatizo la upande wa pili: haihifadhi mbegu kabisa, kila ikiwaka inaanza mikono mitupu. Usitengeneze ufunguo wa maana sekunde ya kwanza. Chapa kidogo, fungua programu mbili tatu, hakikisha `crng init done`, ndipo uendelee.

Hatua ya 8: Omba namba kwa njia sahihi

Baada ya kazi yote hiyo, watu huiharibu mwishoni kwa kuchota mahali pasipo penyewe. Chota hapa:

```
head -c 32 /dev/urandom | base64
```

Baiti 32 ni biti 256, na utapata herufi 44. Kwenye Python tumia `secrets`, usitumie `random`. Kwenye C tumia `getrandom()`, iliyopo tangu kerneli 3.17 ya mwaka 2014. Yenyewe husubiri mbegu ipatikane kwanza.

Makosa mawili ninayoyaona kila mwezi. La kwanza ni `$RANDOM` ya bash kwa ajili ya nywila. Hiyo inatoa namba kati ya 0 na 32767 tu, na inafaa kuchagua nani aanze kucheza karata. La pili:

```
date +%s | sha256sum
```

Inaonekana ndefu na ya kutisha, lakini siku nzima ina sekunde 86,400. Anayejua siku uliyotengeneza nywila anazijaribu zote kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha kahawa. Rudi kwenye tui na makapi.

Ukidhani haya ni ya wanafunzi tu: kati ya mwaka 2006 na 2008 Debian yenyewe ilikuwa na OpenSSL (programu ya kutengenezea funguo) iliyobadilishwa kwa bahati mbaya hata unasibu wote ukakatika, ikabaki namba ya mchakato peke yake. Kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, zilikuwa zinawezekana funguo zipatazo 32,767 tu. Hazikuonekana tofauti na funguo nyingine kwa macho.

Ikikwama

*Namba ya 256 haibadiliki.* Iko sawa. Rudi hatua ya 2.

*ssh-keygen au gpg imesimama tu.* Karibu kila mara ni kerneli ya zamani. Chapa kwenye kibodi ya mashine yenyewe. Kuchapa kupitia SSH hakuhesabiki kama kibodi, ingawa pakiti za mtandao zinaleta mikatizo yake. Kama ni mashine pepe kwenye QEMU, iongezee `-device virtio-rng-pci` ipokee unasibu wa mwenyeji wake. Haveged ilitengenezwa kwa hali hii, na kwenye kerneli iliyo chini ya 5.4 bado ina kazi. Kuanzia 5.6 haihitajiki, ukiikuta inafanya kazi haikudhuru, ila unaweza kuiondoa.

*evtest inasema "Permission denied".* Umesahau sudo.

*evtest haionyeshi chochote ukibonyeza.* Umechagua kifaa kingine. Namba za event hubadilika ukichomoa na kuchomeka. Tumia njia iliyoko chini ya /dev/input/by-id/ inayoishia na `event-kbd`. Hapa pwani angalia pia kibodi yenyewe. Chumvi ya hewa inakula migusano, na nimeshapokea kibodi ambazo kitufe kimoja kimeshikamana chini na kujirudia bila kukoma, ambapo kama ulivyoona hakichangii kitu.

*cat /dev/hwrng inasema "No such device".* Huna kizalishi, au draiva haijapakiwa. Kwenye mashine yenye TPM, ingia kwenye mipangilio ya bodi uone kama imezimwa. Nyingi zilizotoka maofisini huja zikiwa zimezimwa.

*Umeme umekatika ghafla, je, mbegu ile ile itatumika tena?* Hili naulizwa sana, na kwa umeme wetu ni swali la haki. Jibu ni hapana: systemd (programu inayosimamia uwashaji wa Linux) ikishaisoma mbegu wakati wa kuwaka, papo hapo huandika nyingine mpya mahali pake, haisubiri kuzimwa. Thibitisha kwa `ls -l` ya hatua ya 7. Tarehe ya faili inatakiwa iwe ya leo, saa ile mashine ilipowaka. Ikiwa ni ya wiki iliyopita na mashine umeiwasha asubuhi, diski imefungwa isiandikwe au imejaa; angalia kwa `df -h /var` na `mount | grep ' / '`, uirekebishe kabla ya kutengeneza ufunguo wowote.